Umaliziaji Ni Nini? Uhakiki wa Istilahi za Kazi za Ndani ya Nyumba

Mtu anayejenga nyumba Handeni au Korogwe hupita hatua tatu ambazo majina yake yanafahamika kwa kila mtu. Kwanza huchimba msingi na kuujenga. Kisha husimamisha boma. Kisha hupaua na kuezeka. Baada ya hapo huanza hatua ya nne, ambayo aghalabu huchukua muda mrefu kuliko zote tatu, hula fedha kidogo kidogo pasipo mwenyewe kutambua, na huzaa ugomvi mwingi kati ya fundi na mwenye nyumba. Hatua hiyo ndiyo isiyo na jina la kutosha. Hati za ofisi huiita umaliziaji, na pengine ukamilishaji. Mafundi huiita finishi. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki majina hayo, pamoja na istilahi nyingine za kazi za ndani ya nyumba, na kuonyesha kwamba udhaifu wa istilahi hapa si jambo la wanaisimu peke yao. Ni jambo la fedha za wananchi na la kuta zinazopasuka.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika siku zetu. Kwa miaka kadhaa sasa Serikali imekuwa ikijenga madarasa, zahanati na vituo vya afya kwa kuwatumia mafundi wa mahali palepale badala ya makandarasi wakubwa. Mwaka 2021 peke yake ulianzishwa ujenzi wa madarasa 15,000 nchini, yakiwamo 12,000 ya shule za sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi, kwa kiasi cha shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Katika utaratibu huo hati ya kazi husomwa na mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji, wajumbe wa kamati na fundi. Hao si wahandisi. Wanachokisoma ni Kiswahili, na kama Kiswahili hicho kina mashaka, hawana kitu kingine cha kukimbilia. Isitoshe, mabadiliko ya sheria ya mwaka huohuo wa 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno linaloandikwa leo katika mkataba mdogo wa kijijini kesho laweza kupimwa mbele ya hakimu.

Mkataba wa mstari mmoja

Tulipata kuonyeshwa, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Handeni, makubaliano ya kazi ambayo sehemu yake ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja tu: umaliziaji wa ndani na nje. Fundi alipiga lipu, akamwaga sakafu, akapaka chokaa, akadai ujira wake. Kamati ilikataa kumlipa, kwa kuwa wao walitazamia pia dari, rangi ya mafuta sehemu ya chini ya kuta, na vitasa milangoni. Kila upande ulisema kweli. Fundi aliichukua nyumba kuwa imemalizika kama zilivyomalizika nyumba nyingi alizozijenga. Kamati iliichukua kuwa imemalizika kama ilivyomalizika nyumba ya mganga waliyoiona mjini. Neno lenyewe halikumkanusha yeyote kati yao.

Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza. Umaliziaji ni jina la wakati, wala si jina la kazi. Linatuambia kazi inafanyika lini, yaani mwishoni, lakini halituambii ni kazi gani. Wahandisi wanapoandika kwa Kiingereza neno linalolingana na hilo, huliweka kuwa kichwa cha sura, na chini yake huorodhesha kila tendo, kifaa chake na kipimo chake. Mfasiri aliyekichukua kichwa akayaacha yaliyo chini yake amefasiri jalada la kitabu akadhani amefasiri kitabu.

Maneno tuliyokuwa nayo

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hizi, na kwa hiyo hatuna budi ama kuazima ama kutumia neno la jumla. Dai hili halisimami. Nyumba ya miti na udongo, ambayo imewahifadhi watu wa Handeni na Korogwe kwa vizazi vingi, ina istilahi zake kamili. Baada ya kusimamisha nguzo na kufunga fito, mtu hukandika, yaani huujaza udongo katika fito hadi kiambaza kisimame. Udongo ukisha kushika, husiliba, yaani hupaka udongo laini juu yake ili kuziba nyufa na kusawazisha uso wa ukuta. Kukandika na kusiliba ni matendo mawili, kwa siku mbalimbali, na aghalabu kwa udongo wa namna mbili. Hakuna mama wa kijijini anayeyachanganya.

Nyumba ya mawe ya pwani nayo ina utajiri wake. Fundi alipojenga ukuta wa mawe ya matumbawe kwa chokaa, alitomea, yaani alijaza vijiwe na chokaa katika mapengo ya ukuta kabla ya kuupaka. Mlango ulikuwa na miimo, vizingiti vya juu na chini, na mfaa katikati. Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa kwa ustadi ambao mpaka leo watu husafiri kwenda kuutazama. Watu waliofanya kazi hiyo hawakusema kwamba wanamalizia nyumba. Walikuwa na jina la kila kitu walichokigusa.

Tumeyataja haya si kwa kutaka fundi wa leo wa Manundu au Chanika arudi kutomea kwa vijiwe. Twataka kuonyesha kwamba tabia ya lugha yetu katika kazi za mikono ni kutaja tendo, na kwamba neno la jumla kama umaliziaji linakwenda kinyume cha tabia hiyo.

Maneno yaliyozaliwa kazini

Hata katika nyumba ya saruji na bati, mafundi hawakungoja ofisi iwaundie maneno. Hebu tutazame machache.

Boma. Neno hili tulilijua kwa maana ya ngome, ua wa mifugo, na ofisi ya mkuu wa wilaya. Mafundi walilichukua kuwa jina la nyumba iliyosimama kuta bila paa, na leo Serikali yenyewe huzungumza juu ya ukamilishaji wa maboma ya zahanati na madarasa yaliyoanzishwa na wananchi. Maana hii mpya imeingia katika bajeti na katika hotuba za Bungeni. Ni ushindi wa fundi juu ya mwandishi.

Jamvi. Zege linalomwagwa juu ya kifusi ili kuwa tako la sakafu huitwa jamvi, na tendo lake ni kumwaga jamvi. Mfano huu ni mzuri kupita kiasi. Jamvi ni mkeka mpana unaotandikwa chini kabla ya mambo mengine yote, na mtu hatandiki zulia pasipo kitu cha kulipokea. Neno ni fupi, linaeleweka, wala halikupitishwa na kikao chochote.

Lipu na niru. Maneno haya yana asili ya Bara Hindi. Lipu ni mchanganyiko wa saruji na mchanga unaopigwa ukutani. Niru huko kwao ilikuwa chokaa laini ya kumalizia ukuta. Huku kwetu imekuwa uso laini wa saruji unaosuguliwa juu ya sakafu, ambao wengine huutia rangi nyekundu. Neno limesafiri, na katika kusafiri limeshuka kutoka ukutani hadi chini.

Kutindua. Nyaya za umeme zinapopitishwa ndani ya ukuta, ukuta hutinduliwa kwa tindo na nyundo. Tendo hili lazima litangulie lipu. Tumekuta orodha za kazi zilizoandika umeme baada ya rangi, kwa sababu mwandishi alifuata mpangilio wa madaraka ya mafundi wala si mpangilio wa kazi. Kama neno kutindua lingaliandikwa mahali pake, kosa lingalionekana mara moja.

Saruji haikauki

Tumefika katika neno ambalo, kwa maoni yetu, limeharibu kuta nyingi kuliko mchanga mbaya. Hati nyingi husema lipu iachwe ikauke kabla ya kupakwa rangi. Msomaji wa kawaida anayafahamu maneno hayo kama anavyofahamu kukauka kwa udongo uliosilibwa au kwa nguo iliyoanikwa, yaani maji yaondoke, na upesi iwezekanavyo. Lakini saruji haipati nguvu kwa kupoteza maji. Hupata nguvu kwa kuungana nayo. Lipu inayonyang'anywa maji na jua katika siku zake za mwanzo hubaki dhaifu, hupasuka nyufa nyembamba, na hupukutika mtu akiisugua kwa kiganja. Inapaswa kuwekwa na unyevu kwa siku kadhaa, hata kufikia saba, ndipo iachwe ikauke na kupakwa rangi.

Katika Handeni jambo hili ni zito, kwa kuwa wilaya hiyo inajulikana kwa shida ya maji. Bomba kuu linaloitwa HTM, lililojengwa tangu miaka ya 1970 kuyaleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, halikuimaliza shida hiyo. Mahali ambapo ndoo ya maji hununuliwa, kamati inayosoma neno ikauke hufurahi, kwa kuwa imeambiwa na hati yenyewe kwamba haina haja ya kununua maji mengine. Hapo neno limekuwa ruhusa ya kuharibu kazi.

Tumewahi pia kuona hati iliyokusudia kulirekebisha jambo hili ikaamuru kwamba lipu itibiwe kwa muda wa siku saba. Mfasiri alilikuta neno la Kiingereza ambalo hospitalini lina maana ya kuponya, akalifasiri kwa maana ya hospitalini. Fundi aliyeisoma aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwamba ukuta unaumwa nini na dawa yake inauzwa duka gani.

Na wakati huo mafundi wenyewe wana maneno matatu yanayoeleza jambo lote kwa usahihi. Husema saruji imeshika inapoacha kuwa tope na kuanza kuwa ngumu. Husema imekomaa inapopata nguvu yake. Na tendo linaloiwezesha kukomaa huliita kumwagilia. Kushika, kumwagilia, kukomaa: hapa pana istilahi tatu zinazofuatana kama hatua za kazi zinavyofuatana, nazo zimetokana na shamba na bustani, ambako kila mwananchi amezifahamu tangu utoto. Hatuoni sababu hata moja ya kuziacha.

Marumaru, dari na skimu

Maneno mengine matatu yanahitaji kutazamwa kwa namna mbalimbali.

Marumaru ni jiwe. Siku hizi, hata katika magazeti, huitwa marumaru kila kigae kinachobandikwa sakafuni. Vigae hivyo aghalabu ni udongo uliochomwa tanuri. Mkataba unaosema sakafu ya marumaru, ukisomwa kwa haki, unamtaka fundi alete jiwe ambalo bei yake ni mbali na bei ya kigae. Neno kigae linafaa zaidi, kwa kuwa tangu zamani ni kipande cha chombo cha udongo uliochomwa. Inatosha kuongeza mahali pake: vigae vya sakafu, vigae vya ukuta, vigae vya paa.

Dari ni neno lililobadilika maana pasipo kutangazwa. Katika nyumba za mawe za Pangani na Tanga, dari ilikuwa boriti, mawe na chokaa, na juu yake watu walitembea, walilala na kuanika vitu. Dari ya nyumba ya leo ni mbao nyembamba na bodi, au jipsamu, na haibebi hata paka mnene. Neno libaki, lakini anayeandika hati lazima aseme dari ya nini. Aliyesoma dari peke yake hajui kama atalipia jipsamu, mbao au bodi.

Skimu ndilo gumu. Ni tabaka jembamba la unga laini mweupe linalopakwa juu ya lipu na kupigwa msasa ili ukuta uwe laini kabla ya rangi. Mafundi wa Korogwe na wa Handeni wanalifahamu wote. Hata hivyo, katika Wilaya ya Korogwe, yenye kilimo cha umwagiliaji huko Mombo, skimu ni pia mradi wa umwagiliaji. Mtu anayesema skimu imekwisha anaweza kuwa ametoka shambani au sebuleni.

Tulivutiwa kupendekeza niru ya ukuta badala yake. Pendekezo hilo lina hoja nzuri: neno lipo, mafundi wanalo, na maana yake ya kwanza huko lilikotoka ni hiyohiyo ya tabaka laini la mwisho ukutani. Lakini tulipolitaja mbele ya mafundi, baadhi yao walilipokea na wengine walidhani tunataka ukuta usuguliwe kwa saruji kama sakafu. Jambo hilo lilitufundisha kitu. Hoja nzuri ya asili ya neno haiwezi kuishinda maana iliyo hai katika mikono ya watu. Kwa sababu hiyo hatuthubutu kuliamuru. Twapendekeza hati ziandike skimu ya ukuta, zieleze kwa maneno machache ni kitu gani, na niru ya ukuta iachwe ijaribiwe.

Kosa la utaratibu

Wasomaji wa kurasa hizi wanaufahamu utaratibu wa kutafuta istilahi ambao Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na wataalamu wa Chuo Kikuu wamekuwa wakiufuata: hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri, nasi hatuupingi. Tunauliza swali moja tu: Kiswahili chenyewe kinatafutwa wapi? Kama kinatafutwa katika kamusi peke yake, basi jamvi, kutindua na kumwagilia, kwa maana zake za ujenzi, vinaweza kukosekana kwenye meza ya kikao, na kikao kikaunda maneno mapya kwa vitu ambavyo tayari vina majina. Hapo tunakuwa tumewanyang'anya watu lugha yao kwa jina la kuikuza.

Haina maana kwamba kila neno la fundi ni sahihi. Mafundi nao hutofautiana. Mmoja husema lipu na mwingine plasta. Mmoja hutaja kipimo kwa ndoo na mwingine kwa toroli. Hapo ndipo kazi ya kusanifisha inapoanza. Tuchukue mfano wa vipimo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Lipu ya moja kwa nne inahitaji mchanga lita 140, yaani ndoo 7 za lita 20. Lipu ya moja kwa sita inahitaji lita 210, yaani ndoo kumi na nusu. Hati ikisema uwiano wa kutosha, fundi ana uhuru wa ndoo tatu na nusu kwa kila mfuko, na uhuru huo ndimo saruji inamopotelea. Hati ikisema mfuko mmoja kwa ndoo saba, hata mjumbe asiyejua kusoma anaweza kusimama na kuhesabu. Istilahi bora ni ile inayomwezesha mwananchi kukagua.

Mapendekezo

Kwanza, neno umaliziaji litumike kuwa kichwa cha sehemu tu, lisiwe kamwe jina la kazi inayolipiwa. Chini yake yaandikwe matendo kwa mfuatano: kutindua na kupitisha mabomba ya nyaya, kupiga lipu, kumwagilia hadi ikomae, kufunga dari, kupiga niru au kubandika vigae, kupaka skimu ya ukuta, kupaka rangi, kufunga milango, bawaba na vitasa.

Pili, neno kukauka lisitumike kwa saruji katika siku zake za mwanzo. Litumike kushika na kukomaa, na siku za kumwagilia zitajwe kwa tarakimu. Gharama ya maji nayo iandikwe katika orodha, hasa katika wilaya kama Handeni.

Tatu, kila kikao cha istilahi za ujenzi kiwe na mafundi wasiopungua wawili, mmoja wa ukuta na mmoja wa mbao, walioitwa si kwa ajili ya kushukuriwa bali kwa ajili ya kuulizwa.

Nne, walimu wa vyuo vya ufundi wawatake wanafunzi wao kukusanya maneno ya kazi katika vijiji vyao, pamoja na maelezo ya tendo lenyewe. Orodha ya maneno bila maelezo ya tendo ni mzigo mwingine wa karatasi.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba tumelikuza mno jambo dogo. Tungewaomba waende katika darasa lolote jipya, wapitishe kiganja juu ya ukuta karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana, kisha wakitazame kiganja hicho. Kikitoka na mchanga, waiombe hati ya kazi na wasome ilivyoagizwa lipu hiyo itunzwe.